Chupa Yenye Kitambaa Chekundu

Mimi ndiye mama wa mchanga. Miaka tisa nimepima mchanga wa malori kwenye geti la kisima cha mafuta, na darasani sijakaa hata siku moja. Kazi yenyewe si uchawi. Mashine zinasukuma maji chini kwa nguvu mpaka mwamba unapasuka. Mchanga unafuata, unajipenyeza kwenye nyufa na kuzizuia zisijifunge, mafuta yapate njia. Mchanga ukiwa na vumbi, njia inaziba.

Kila lori lilipofika, nilitia mchanga konzi moja kwenye chupa ya maji, nikatikisa. Maji yakibaki maangavu, lori lipite. Yakigeuka chai ya maziwa, lirudi lilikotoka. Kwa kuwa kusoma nilikuwa sijui, kila chupa niliifunga shingoni karatasi ya lori lake, na ya mchanga mbaya nikaiongezea kitambaa chekundu.

Msimamizi wa ghala alikuwa shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu. Siku moja, kwa haraka zake, alipitisha lori nililolikataa. Karatasi aliisaini ikiwa inaning'inia kwenye chupa, kitambaa kikimpepea puani.

Kisima kikatoa mafuta yasiyotosha hata kupaka nywele. Kwenye kikao shemeji akaninyooshea kidole. "Mama hajasoma huyu. Mlitegemea nini?" Hakuna aliyeniuliza neno. Nikapelekwa jikoni kuosha vikombe, naye akaenda kuwachekesha wakwe zangu kwa habari hiyo. Sijamsamehe, na msinibembeleze.

Lakini chupa ile niliondoka nayo, na karatasi yake shingoni. Ilikaa rafuni juu ya sinki miezi saba.

Ilipofika zamu ya kisima cha pili, akaletwa mhandisi mpya, binti wa rika la mwanangu. Akaja kuchukua chai, akaiona.

"Mama, hii dawa ya nini?"

"Ya shemeji yangu. Bado hajainywa."

Nikamweleza yote. Akaitikisa, maji yakachafuka palepale. Akaisoma karatasi mara mbili. Shemeji naye huyo, anaingia na kikombe chake.

"Shemeji! Bado unafuga matope?"

"Nayafuga, baba. Yamekua, yanamtafuta mwenyewe."

Mhandisi akamgeuzia karatasi. "Saini hii ni yako?"

"Ni... tulikuwa na haraka siku ile."

"Kwenye ripoti yako ya kisima cha kwanza umesema lori alilipitisha mama."

Shemeji akakitazama kitambaa kama ndiyo kwanza anakiona. Kikombe akakiacha mezani, kitupu.

Kesho yake asubuhi nilikuwa getini na chupa zangu. Ghala alipewa mwingine, na shemeji akaletwa kwangu awe msaidizi. Lori la kwanza likaingia. Nikatia mchanga, nikampa chupa.

"Tikisa."

Akatikisa huku anatazama pembeni. Maji yakatulia, maangavu.

"Vizuri," nikamwambia. "Utadhani umesoma."