Helikopta kwenye Mizani ya Mahindi

Mpaka leo mtu akiniuliza kama helikopta inaweza kuruka kwa betri peke yake, huwa nakohoa kwanza. Nimefundisha sayansi shule ya msingi miaka mingi, na swali hilo bado linanivuruga kichwa. Mwenye kosa ni baba yangu.

Baba alitunza betri za matrekta kwenye karakana ya shamba la mkonge tangu sijazaliwa. Shamba lilipouzwa kwa mtu binafsi, alipunguzwa kazini pamoja na wenzake. Enzi hizo kila kitu kilikuwa kinauzwa na kila kitu kilikuwa kinaingia, mitumba, redio za rangi zote, tochi zinazoimba. Baba akafungua kibanda cha kuchaji betri pale mtaani kwetu Kilole. Suruali zake zote zilikuwa na matundu ya asidi, na wateja wake wengi walikuwa wafugaji wa Handeni, waliokuja na betri zao juu ya basi. Kibanda kile ndicho kilichotulisha na kuwasomesha wadogo zangu.

Kisha ikaja helikopta. Ilimleta mgombea mmoja kwenye uwanja wa mpira wakati wa kampeni, na alipomaliza kuhutubia, ikagoma kuwaka. Rubani akauliza nani ana betri za lori zilizojaa chaji. Umati mzima ukamwelekezea kidole baba. Akaleta mbili kwenye toroli, akaziunganisha kwa nyaya nene, rubani akabonyeza anachobonyeza. Panga zikaanza kuzunguka polepole, ngurumo ikafuata, baba akaambiwa achomoe nyaya haraka, na mgombea akapaa kwenda zake. Baba alibaki amesimama kwenye vumbi, nyaya mkononi, anacheka peke yake.

Kuanzia siku ile alikuwa mtu aliyerusha helikopta. Watu walimpa mkono barabarani. Nami nilijivuna, sitasema uongo, maana tangu apunguzwe kazini sikuwa nimemwona akitembea kifua mbele namna ile. Tatizo ni kwamba hakuishia hapo. Aliniita kibandani, akanikalisha juu ya kreti ya soda.

"Mafuta yalikuja nyuma," alisema. "Kilichoanza kuzungusha ni betri. Sasa kama betri inaweza kuanza, kwa nini isimalize?"

Akaniambia ameshaongea na fundi wa kuchomelea, wataunda helikopta ya mtu mmoja, na abiria wa kwanza ni yeye. Kama mimi, mwalimu niliyesoma, nitamhakikishia kwamba inawezekana, atafunga kibanda aanze kazi hiyo tu. Kwa hiyo kibanda, ada za wadogo zangu na shingo ya baba vyote vilikuwa vinangoja neno langu.

Nilikwenda kwenye vitabu vya shule. Nilikuta picha ya ndege na mishale chini ya bawa, basi. Tena mimi ni nani wa kuulizwa? Mimi mwenyewe nilikuwa naanika betri za redio juu ya bati zipate nguvu, na hakuna aliyewahi kunieleza jua linaingiaje mle ndani. Nilijaribu kufikiri huku nachambua maharage. Betri ina nguvu, hilo niliona. Betri ni nzito, hilo nililijua kwa mgongo wangu. Nguvu isipotosha, ongeza betri. Ukiongeza betri, uzito nao umeongezeka, kwa hiyo nguvu haitoshi tena, ongeza nyingine. Nilizunguka hapo mpaka nikaanza kuokota maharage mabovu na kuyatupia kwenye mazima.

Mzee mmoja mfugaji, aliyekuja kuchukua betri yake, alitusikia mimi na baba tukibishana juu ya uzito huo, akaniuliza kwa upole:

"Mwalimu, sisi kwetu punda ndiye anayeleta maji kutoka mbali. Sasa akiyanywa yeye mwenyewe njiani, na kila njia ikirefuka unamwongezea madumu, nyumbani anafika na nini?"

Baba alicheka, akasema betri siyo punda. Mimi sikuwa na hakika.

Nilichoweza kufanya ni kuomba tupime kwanza. Baba alikubali bila kinyongo, kwani hakuwa na shaka. Aliazima mizani ya kuning'iniza ya wanunuzi wa mahindi, akaifunga kwenye boriti nje ya kibanda. Kwenye ubao akafunga betri moja, na pembeni yake mota ya feni ya gari bovu yenye panga za mbao ya mvule alizochonga mwenyewe. Mshale ukasoma kilo thelathini. Akaunganisha waya. Feni ikavuma, na ubao wenyewe ukaanza kuzunguka upande wa pili, watu wakakimbia. Tukaufunga kwa kamba za katani, tukarudia.

Mshale ukarudi nyuma. Kilo moja, labda na nusu.

"Imepungua," baba alisema.

Ilikuwa imepungua kweli. Akaning'iniza betri ya pili, akaiunganisha na ya kwanza. Feni ikavuma kwa hasira, mshale ukarudi nyuma zaidi ya mwanzo, karibu kilo tatu. Lakini sasa ulikuwa umerudi kutoka hamsini na mbili. Baba alitazama mshale, akatazama betri ya tatu iliyokuwa inangoja chini, na hakuinama kuichukua. Watu wakaanza kutawanyika. Akazima feni, akaniuliza bila kunitazama:

"Ulijua?"

Sikuwa najua. Nilikuwa nimeona uzito ukipungua mara mbili kwa macho yangu, na hata pale sikuelewa kama shida ni betri, panga za mvule, au kichwa changu. Lakini alikuwa amesimama kama siku ile alipopunguzwa kazini, na niliogopa.

"Nilijua, baba. Nilitaka uone mwenyewe, ndivyo tunavyofundisha."

Akashusha pumzi ndefu. "Afadhali," alisema. "Nilidhani nyumba nzima hatujui."

Akafungua kamba, akazirudisha betri kwenye chaja, na kibanda hakikufungwa hata siku moja. Miaka yote iliyofuata aliwasimulia wateja kwamba yeye alikosea lakini binti yake mwalimu alijua tangu mwanzo, kisha ananiita nije nithibitishe. Nilithibitisha kila mara, nikaondoka haraka kabla hawajaniuliza kwa nini.