Nilivyolalia Kigoda cha Shahidi

Aibu hii nimeimeza miaka mingi na haijashuka, basi leo naitapika, na majina nitayataja: wa kwanza Ekal, wa pili mimi.

Miaka ile ya tisini tulijitolea pale korti ya Lodwar, kazi yetu kukaa na watu wenye kesi, kuwaonyesha mlango, kuwapa chai, kuwaambia simama ukiitwa (mimi niliingia kwa sababu nilipowekwa rumande mwenyewe hakuna hata nzi aliyekuja kunisalimia). Lakini watu walimtaka Ekal tu. Ekal hivi, Ekal vile, ati sauti yake inatuliza. Yangu je, inang'ata?

Siku hiyo kijana wa Mama Nakiru alikuwa na kesi ya wizi wa mbuzi, na shahidi wa kumwokoa ni mmoja tu, mzee Lokwawi, aliyetoka Kakuma juu ya lori. Mzee anashuka, anauliza, "Ekal ni nani?" Wivu ukaniwaka. Nikamsalimu kwa lugha ya kwetu kama mtu anavyomsalimu baba, "Ejok, Apa, kigoda hakiingii kortini, lete nikutunzie," nikachukua ekicholong yake, kile kigoda cha mbao ambacho mwanamume wa kwetu anakikalia, anakilalia kichwa na hampi mtu, nikijua sasa atanitafuta mimi, si Ekal. Nikaenda nacho kivulini nje ya dirisha la korti, na jua la Lodwar unalijua, nikakiweka chini ya kichwa kidogo tu, usingizi ukanibeba.

Ndani mzee ameapishwa, ameanza vizuri, "Siku hiyo kijana alikuwa kwangu tunanywesha ngamia," halafu anatupa jicho dirishani, anaona mtu anakoroma juu ya kigoda chake. Akaacha maneno hapo hapo, akatoka nje, askari nyuma yake, akanivuta mguu.

"Wewe mtoto wa nani, unalala kitandani kwangu?"

Korti nzima ikacheka isipokuwa hakimu. Mzee akakataa kurudi ndani bila kigoda chake, mimi nikatiwa seli kwa kosa la kuleta fujo.

Ni Ekal aliyembembeleza mzee, akamwomba karani kigoda kiingie, na mchana mzee akamaliza ushahidi akiwa amekikalia. Kijana akaachiliwa. Kisha Ekal akaniletea chai seli, akakaa nami sakafuni.

"Kunywa, ndugu yangu. Wewe watakuonya tu, utaenda nyumbani."

Na kweli sauti yake ilinituliza, hiyo ndiyo iliyoniuma kuliko seli.

Kigoda cha mtu sigusi tena mpaka nife. Lakini Ekal, hata leo, sijamsamehe ile chai.