Kikombe cha Kwanza cha Enanu

Enanu akiweka tela, pombe yetu ya nafaka, mdomoni, jicho lake la kushoto hujifumba lenyewe, na hapo watu wote hunyamaza. Ataizungusha pombe, ataivutia hewa kwa meno ya mbele kama mtu anayekunywa uji wa moto, ataimeza, kisha atabaki anatazama dari. Akijipiga kofi la paja, mwenye nyumba anaweza kupumua. Asipojipiga, hata mbwa wa nyumba hiyo huona haya.

Ni mwanamke mfupi, mpana wa mabega. Anauza gesho sokoni kwetu, yale majani yanayoipa tela uchungu wake, na mama yake aliyauza palepale kando ya ukuta wa kanisa. Ameolewa mara tatu. Wa kwanza alikufa, wa pili alikimbia, wa tatu Enanu mwenyewe alimfukuza kwa sababu, anavyosema, mume huyo alikuwa anakunywa pombe nzuri huku anatafuna kitunguu saumu. Kila mwanamke anayepika katika mji huu amenunua majani kwake, na kila mmoja anamwogopa. Harusini kwa fundi wa matandiko ya farasi alionja mara moja tu akasema, "Jamani, hii mmeichuja kwa nguo iliyofuliwa kwa sabuni. Anukie sabuni bibi harusi, siyo mtungi!" Mama wa bibi harusi alilia. Lakini nguo yenyewe ilikuwa bado imeanikwa uani, inanukia.

Mfungo mrefu wa kabla ya Pasaka ukiingia, Enanu hagusi tone. Watu wengine hunywa, maana nafaka si nyama, lakini yeye anasema ulimi nao una haki ya kutubu. Ndiyo sababu kikombe chake cha kwanza asubuhi ya Pasaka ni jambo la mtaa mzima. Anapoanzia yeye ndipo wengine wanapomfuata, na nyumba hiyo hujaa watu mpaka jioni. Kwa miaka mingi alianzia kwa wifi yangu Belaynesh.

Namwita wifi kwa mazoea tu. Mdogo wake, Dagnew, alikuwa mume wangu. Kaka yao mkubwa alikuja kunywa kwangu siku ya sikukuu, akarudi kwake, akalala na hakuamka. Kifua chake kilikuwa kibovu tangu jeshini, kila mtu alikuwa anamsikia akikohoa tangu ng'ambo ya mto. Lakini Belaynesh alisimama msibani akasema, "Muulizeni Tirngo alitia nini kwenye kikombe." Na Dagnew, aliyekunywa kutoka mtungi uleule mpaka ukakauka na kuamka asubuhi ana kiu, alinyamaza. Alikuwa ameshapata binti mmoja mji wa pili, akawa anatafuta mlango wa kutokea. Dada yake alimfungulia. Akaondoka na ng'ombe wa kulimia wote wawili.

Tangu hapo hakuna aliyekunywa kwangu. Nilikuwa nasokota pamba na kuuza nyuzi. Mitungi niliifudikiza uani, buibui wakajenga.

Sasa, wiki chache kabla ya Pasaka hii iliyopita, nilikuwa napita sokoni upande wa chumvi.

"Wee Tirngo! Unanipita kama jiwe la njiani?"

"Nanunua chumvi tu, dada Enanu."

"Nani amekuuliza habari ya chumvi? Mwaka huu unapika?"

"Nimpikie nani? Panya?"

"Panya wana ulimi kuliko watu kadhaa ninaowajua." Akanisukumia fungu kubwa la majani. "Pika ya ngano, ile ya marehemu mama yako. Shayiri ni ya kila siku. Pasaka inataka ngano. Kikombe changu cha kwanza nitakinywa kwako."

Wanawake waliokuwa wakichagua majani waliacha kuchagua.

"Dada, usinichezee."

"Mimi nacheza na wanaume. Na pombe sichezi."

Nilifika nyumbani na fungu lile la majani. Nikasema moyoni, huyu anataka watu wanicheke. Halafu nikaona nimekwisha kuiinua mitungi na ninaisugua.

Ngano ninayo, ya kipande cha shamba ambacho Dagnew alishindwa kukibeba. Niliiloweka nikaiotesha chini ya majani mpaka vichipukizi vikatoka vyeupe kama meno ya mtoto, nikaianika, nikasaga kimea. Mitungi niliifukiza kwa kijiti cha mzeituni mpaka ndani ikawa nyeusi na tamu kwa harufu. Nikaoka mikate myembamba, nikaiacha iungue kidogo tu pembeni, hapo ndipo mama alipokuwa ananipiga kofi la mkono: bado, bado, sasa! Nikaimega ndani pamoja na kimea na gesho, nikaziba mdomo wa mtungi kwa udongo.

Kisha nikaanza kusikiliza. Mtu asiyepika hatajua raha hii. Unaweka sikio kwenye tumbo la mtungi, na ndani kuna mvua inanyesha. Siku ya kwanza manyunyu. Baadaye mvua kubwa. Nilikuwa naacha pamba katikati ya uzi nakwenda kusikiliza, mtu mzima mimi, mvi zimeingia, nimekumbatia mtungi na kucheka peke yangu!

Ijumaa Kuu nilisikia kimya. Jumamosi nilivunja udongo. Povu lilipanda mpaka shingoni, jeupe, likakaa. Harufu ilinijia usoni: moshi, mkate, na kitu kama ndizi iliyoiva sana ingawa hapakuwa na ndizi humo. Rangi yake ilikuwa ya asali iliyochanganywa na ukungu. Sikuionja. Nilitaka, Mungu anajua, lakini niliogopa kwamba ikiwa mbaya nisingeweza kulala.

Asubuhi ya Pasaka nilitandaza nyasi mbichi sakafuni, nikajifunga utepe wa nyasi kichwani kama kila mtu, nikavaa shuka yangu nyeupe yenye pindo, nikapanga vikombe. Nikakaa mlangoni. Kengele zilikuwa zinalia, moshi wa mchuzi wa kuku unatoka kila paa, watoto wanakimbia na midomo ya mafuta. "Kristo amefufuka!" "Kweli amefufuka!"

Enanu akatokea kwenye kona. Nyuma yake watu wapatao kumi, wanacheka, wanamfuata. Nikasimama. Nikashika gudulia.

Akapita.

Hakugeuza hata kichwa. Alipita mlango wangu, akaenda moja kwa moja mpaka kwa Belaynesh, akaingia na watu wake. Nilirudi ndani nikaweka gudulia chini polepole. Nilifikiri kuimwaga. Nilikuwa nimekwisha kuushika mtungi masikio mawili ili niuinamishe, na tusi nililolitayarisha kwa Enanu haliandikiki, niliposikia kelele njiani.

"Niache mkono, Enanu! Una wazimu?"

"Tembea, mama, tembea. Kwako sijanywa, na hapa huna cha kupoteza ila uongo."

Walikuwa mlangoni. Enanu amemshika Belaynesh kifundo cha mkono kama mtu anayeleta mbuzi mkaidi, na nyuma yao watu walikuwa wamezidi, si kumi tena, wamejaa njia nzima. Belaynesh alikuwa amezeeka. Sikuwa nimemtazama kwa karibu miaka yote hiyo.

"Kristo amefufuka, Tirngo," akasema Enanu. "Kukawia ni kwa ajili ya huyu. Nimelazimika kumtoa nyuma ya pipa."

"Kweli amefufuka," nikasema. Sauti ilikuwa ndogo. "Karibuni."

Waliingia wawili. Wengine wakabaki kizingitini wananyoosha shingo. Nilichukua gudulia. Kwetu anayemimina humimina kwanza kidogo kwenye kiganja chake, akainywa mbele ya mgeni, mgeni aone haina sumu. Kila nyumba hufanya hivyo, hata kwa mama mzazi. Nikakunja kiganja. Tone likaanguka kwenye nyasi, na nikasikia mtu mlangoni ananong'ona.

Enanu akaushika mkono wangu akaushusha.

"Weka chini. Hiyo ni ya wageni wenye hofu." Akanyoosha kiganja chake mwenyewe, kimesuguliwa kijani na majani ya gesho. "Mimina hapa."

"Dada, desturi..."

"Mimina, mtoto wa watu, nimefunga mwezi na zaidi!"

Nikamimina. Akainywa kiganjani kama farasi. Jicho la kushoto likafumba. Nje hata watoto walinyamaza. Akazungusha, akavuta hewa, akameza, akatazama dari. Akatazama dari sana. Nilihesabu masizi pamoja naye.

"Moshi ndio umetangulia," akasema taratibu, bila kushusha macho. "Umepita mbio, mgeni asiyetaka kukaa. Ukaja ukoko wa mkate. Kisha utamu wa ngano, laini, laini... yupo mama yako humu, namsikia akigomba. Na uchungu?" Akalamba kiganja. "Uchungu umekaa nyuma kama mkwe mwenye adabu. Haujaondoka, lakini haupigi kelele."

Akajipiga paja kofi ambalo nadhani lilisikika kanisani.

Walipiga vigelegele nje! Watu walianza kusukumana, kila mtu anaita, "Tirngo, na mimi! Tirngo, kikombe!" Lakini Enanu aliziba mlango kwa mgongo wake. "Bado. Kuna mkubwa wenu hapa."

Nikajaza kikombe nikampa Belaynesh kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa. Alikishika. Povu likawa linazima taratibu.

"Mimi sina moyo wa Enanu," akasema hatimaye. "Onja kwanza."

Mtu akaguna nje. Enanu alitaka kusema neno, nikamzuia. Nilimimina kwenye kiganja changu, nikainywa huku namtazama Belaynesh machoni. Ndipo nami nikajua tela yangu ilivyo. Yote aliyosema Enanu yalikuwemo, na zaidi: ilichoma kidogo ulimini, ikachangamka, ikateremka baridi mpaka tumboni na kuacha ladha ya mkate wa moto. Nilitaka kucheka nikajizuia.

Belaynesh alikunywa. Hakuonja, alikunywa mpaka chini, kichwa amekiinua, na kwenye kidevu kulikuwa na povu na sijui kama lilikuwa povu tu. Akakaa anatazama kikombe.

"Marehemu kaka alikuwa anaisifu ya ngano," akasema.

"Aliisifu kwangu pia," nikamjibu. "Hukuyasema hayo msibani."

Alininyooshea kikombe kikiwa kitupu.

Sijamsamehe. Naandika hivyo kwa sababu watu wamekuwa wakisema nimemsamehe. Lakini kilikuwa kitupu, na nyumba ni yangu, nikammiminia mpaka ukingoni.

"Sasa," Enanu akageukia mlango na kupiga mikono, "ingieni mmoja mmoja, msimkanyagie nyasi zake! Na atakayemaliza bila kunibakizia machicha, namtaja jina sokoni!"