Koti la Makamu Mwenyekiti

Hii nawaambia leo kwa sababu Rhoda ameenda sokoni, na akiwa hapa huwa ananipokonya akaisimulia yeye, tena vizuri kuliko mimi. Lakini mkicheka sana naacha, maana aibu yake haijaniisha, na hadi sasa nikiona mtu amebandikwa ua la utepe kifuani, hata kama ni harusini, nageuza njia.

Ilikuwa miaka ya tisini, tukiishi mtaa wa Umoja, mimi nikiwa karani wa serikali (karani mdogo, msinione mkubwa, kazi yangu ilikuwa kupiga mihuri), na mnakumbuka wakati ule ulivyokuwa, watu kukusanyika bila wakubwa kujua ilikuwa ni kujitafutia kulala ndani, na karani wa serikali akishikwa kwenye mkutano wa aina hiyo, kazi imekwenda na watoto wamerudi ushago, kijijini kwa nyanya yao. Sasa kuna mtu, hatukumjua ni nani, alianza kuchimbisha mashimo kwenye kiwanja wanachochezea watoto wetu akitaka kukizungushia mabati, tukaunda kamati ya kukitetea, na Mzee Wafula, fundi mstaafu wa reli, akawa mwenyekiti. Makamu wake wakanichagua mimi, nadhani kwa sababu siku hiyo ni mimi peke yangu niliyekuwa nimevaa koti.

Rhoda mke wangu akaniuliza, "Na makamu hufanya nini?"

"Hafanyi kitu," nikamwambia, kwa sauti ya mtu anayejua. "Mwenyekiti husema, katibu huandika, makamu hukaa kando yao akiheshimiwa."

Na haki ya Mungu ndivyo nilivyoamini, kwa sababu kazini kwetu naibu wa mkubwa alikuwa bwana wa chai na gazeti tu, na sikuwahi kujiuliza kwa nini siku mkubwa akisafiri yule bwana alikuwa hamalizi hata kikombe. Mimi niliona utamu. Mwenye bucha alianza kuniongezea mfupa wa supu, vijana wa kona wakawa wananiita, "Makamu, niaje!" nami natembea polepole ili waniite tena, na mwisho nikamwomba Rhoda anishonee ua la utepe wa manjano kwenye koti, lenye neno MAKAMU katikati, nikamwambia akaze uzi lisije likaanguka. Akalikaza kwa uzi wa gunia.

Ikafika Jumamosi ya mkutano mkubwa. Asubuhi Consolata, katibu wetu, akaja mbio mlangoni akasema mguu wa Mzee Wafula umefura, hawezi kutoka kitandani, kwa hivyo nitakaa mimi. "Na ile ya chifu," akasema, "mzee amesema makamu anajua."

Nikaitikia kwa kichwa.

Jamani, kichwa hicho! Sikujua lolote. Ningemuuliza tu, "Ya chifu gani?" mkasa huu haungekuwepo, lakini makamu mzima aulize? Tena nilikuwa nimeanza kukifikiria kiti cha mwenyekiti, kile cha sofa walichokuwa wakikitoa nyumbani kwa mzee, chenye vitambaa vyeupe vilivyofumwa kwa mkono, wakati sisi wengine tulikalia mabenchi. Mchana nikakiketia, nikaegemea, nikaona watu wamejaa kiwanja chote, akina mama nyuma na leso zao, Rhoda akiwa kati yao, nikakohoa ili nianze.

"Karao!" kijana mmoja akapiga kelele.

Landirova ikaingia kiwanjani na vumbi lake, wakaruka chini polisi wenye virungu, na mimi pale pale nikaona barua ya kufutwa kazi, nikaona seli, nikaona yale mambo tuliyokuwa tukisikia kwa kunong'onezwa kuhusu watu waliochukuliwa wakarudi hawatembei vizuri. Mkono ukaenda kwenye lile ua. Nikavuta, halitoki. Nikavuta tena, uzi wa gunia hauna huruma! Basi nikalivua koti, nikaligeuza ndani nje, nikalivaa hivyo. Nilichosahau ni kwamba bitana ilikuwa imechanika zamani, na Rhoda alikuwa ameitia viraka vya pazia letu kuukuu, lenye maua mekundu makubwa.

Afisa wao, mtu mrefu asiyepaza sauti (hao ndio wabaya), akauliza, "Mwenyekiti ni nani?"

"Ni mgonjwa, afande," Consolata akajibu.

"Makamu?"

Watu wote wakageuka kunitazama, naye akafuata macho yao mpaka kwenye kiti cha vitambaa.

"Wewe mzee wa pazia. Ni wewe makamu?"

Kuna aliyecheka, nikasikia. Nami nikafungua mdomo, na hadi leo sijui yale maneno yalitoka wapi. "Afande, mimi ni kama naibu tu, yaani msaidizi. Namsaidia mwenyekiti akiwepo. Asipokuwepo hakuna wa kusaidiwa, kwa hivyo leo mimi ni mwananchi wa kawaida."

Akaniinamia. "Akiwepo wewe ni wa nini? Kazi ya makamu huanza mwenyewe asipokuwepo. Umekalia kiti chake, basi na makosa ni yako. Simama twende."

Nilijaribu kusimama, naapa. Miguu ilikataa. Nimeshika vile vitambaa kwa mikono miwili, na mbele yangu watu walionichagua, mwenye bucha na vijana wa kona, wote wananitazama.

Ndipo nikasikia sauti ya Rhoda. "Nichukueni mimi."

"Wewe ni nani?"

"Huyo ni makamu wa mwenyekiti. Mimi ni makamu wake huyo. Ameshindwa kusimama, nimesimama."

Hakuna aliyecheka. Akafunga leso yake kiunoni, akapita katikati ya watu, akapanda landirova, mlango ukafungwa, gari likaondoka, na mimi bado nimekaa. Hapo ndipo miguu ilikubali, nikakimbia nyuma ya lile gari mtaa mzima na maua yangu ya pazia mgongoni, nikilia waziwazi kama mtoto aliyeachwa sokoni.

Walikuwa wamempeleka kwenye kambi ya chifu. Nilipofika, Mzee Wafula naye akaingia akichechemea na fimbo, maana mtu alimpelekea habari, na ndipo nikajua ile ya chifu ilikuwa nini. Chifu alikuwa amekubali mkutano tangu mapema, sharti moja tu, asubuhi ya siku yenyewe mkubwa wa kamati apitie kwake kumwambia unaendelea, la sivyo atauhesabu kuwa wa siri na kutuma polisi. Kupita na kusalimia, basi! Chifu akatukaripia mpaka akachoka, kisha akamwachilia Rhoda, akauliza makamu hasa ni yupi.

"Ni mimi," nikasema.

Akaliangalia koti. "Hapana," akasema. "Makamu ni huyu mama."

Usiku huo Rhoda alikata ule uzi kwa wembe, na mkutano uliofuata ua lilikuwa kifuani kwake. Nilikaa benchi la nyuma, bila koti. Mzee Wafula alipochoka wakamfanya Rhoda mwenyekiti, wakaja kuniuliza kama nitakuwa makamu wake, nikawaambia cheo cha aina hiyo sitakishika tena maishani, watafute mtu mwingine.

Lakini nyumbani sikuulizwa. Kama hivi ametoka, yuko sokoni, akija mtu akabisha na kuuliza mwenye nyumba ni nani, mtaona: nitasimama kabla hajamaliza kuuliza.