Mbao za Baba

Juzi nilipita Kizota nikaona mafundi wakiipakia landrova mbao na sepetu kwa safari ya porini, nikazikumbuka mbao za baba.

Alasiri moja nikiwa mtoto, uani kwetu kulinuka dizeli. Baba alikuwa akijiandaa kwa safari ya porini, akijaza madumu ya maji, na mbao mbili zimeegemezwa ukutani. Wiki hiyo tulikuwa tumemzika babu, nami niliona mbao kama hizo zikipangwa juu yake kabla ya udongo.

"Baba, hizi za nani?"

"Zangu."

Alipoingia kuswali, nilizificha nyuma ya choo. Akaondoka akidhani mwenzake wa safari ameshazipakia garini.

Kumbe zilikuwa za kulaza chini ya matairi gari likikwama. Likakwama matopeni, siku tatu simu yake haishiki. Mama hakufumba macho. Mimi nililala fofofo, nikijua nimemwokoa baba asizikwe.