Saa Nane ya Mwalimu Mkuu

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sisi wa shule yetu, karibu na Msambweni, la mkuu tulilisikia, tukalifuata kama lilivyo, na guu likavunjika vilevile.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya uhuru, bendera ingali mpya na kila mtu ana lake jipya. Mwalimu Mkuu wetu alipelekwa kwenye mafunzo ya uongozi, wiki tatu nzima, akarudi na tai, faili, na maarifa ambayo nadhani hata waliomfundisha hawakuwa nayo. Alikuwa mtu wa pwani hiihii, mzaliwa wa Tiwi, kwa hivyo hatuna mgeni wa kumsingizia. Kwanza akatuamuru tuyapake chokaa mawe yote ya uwanjani. Kisha akatundika sanduku la maoni, ati wazazi waandike wanavyotaka shule iboreshwe, na wengi wa wazazi hao kalamu hawakuwahi kuishika. Lilipofunguliwa baada ya mwezi tulikuta mayai mawili ya mjusi. Akasema ni mwanzo mzuri.

Lakini uvumbuzi wake mkubwa ulikuwa wa saa. Siku moja alisimama mbele ya gwaride la asubuhi, akainua saa ya mezani.

"Mshale mfupi uko wapi?"

"Kwenye nane!"

"Nanyi mnasema ni saa ngapi?"

"Saa mbiliii!"

"Mmejionea wenyewe. Taifa huru haliwezi kuianza siku kwa uongo."

Basi tangu siku ile, ndani ya ua wa shule, saa mbili ya asubuhi ikawa saa nane, saa sita ya adhuhuri ikawa saa kumi na mbili, na matumbo yetu yakawa hayajui yangoje nini. Aliyekosea alivishwa shingoni kibao cha bati kilichoandikwa SAA MBOVU, akashinda nacho kutwa. Mwalimu Mkuu mwenyewe, Ramadhani ilipoingia, alifuturu na wenzake msikitini, na sikumsikia hata siku moja akimwambia mwadhini kwamba magharibi imeingia saa sita na nusu.

Mimi nilikuwa darasa la nne, na shule yetu ilikuwa inakoma hapo. Darasa la tano lilikuwa mbali, si mwendo wa mtoto wa kike kwenda na kurudi kwa miguu. Mwenye jamaa wa kumpokea alikwenda kukaa kwake. Asiyekuwa naye alirudi shambani kufukuza ndege kwenye mpunga, na masomo kwaheri. Mimi nilikuwa na shangazi Kombani. Mwenzangu niliyekaa naye dawati moja hakuwa na mtu popote, naye kwa hesabu alinishinda, wallahi, na nilikuwa nikimwonea wivu.

Ikaja barua kutoka ofisi ya elimu, Kwale. Afisa angekuja Alhamisi asubuhi. Akiwakuta wazazi wako tayari, na vifaa vya kujengea chumba akaviona kwa macho yake, darasa la tano tungepewa sisi. Asipowakuta, lingekwenda kijiji kingine. Jambo lenyewe lilikuwa rahisi hivyo, lakini mtu hendi mafunzo ya wiki tatu akarudi kufanya mambo rahisi. Mwalimu Mkuu akaamua vifaa visiletwe mapema. Viletwe na wazazi wenyewe kwa maandamano, mbele ya afisa, boriti mabegani na makuti vichwani. Na mwaliko uende kwa barua, moja kwa kila nyumba, imebandikwa kwa gundi ya unga, watoto wasijue kilichomo, maana siri ya ofisi ni siri ya ofisi. Mwandishi nilichaguliwa mimi, kwa sababu ya mwandiko wangu.

"Fikeni bila kukosa Alhamisi, saa nane kamili." Nilipofika barua ya tatu nikaweka kalamu chini.

"Samahani, Mwalimu. Wazazi hawatadhani ni mchana? Si afisa anakuja saa mbi..."

Sikumaliza. Kibao kilikuwa shingoni mwangu kabla sijafumba mdomo.

"Wazazi wa taifa huru wanajua saa," akasema. "Wewe andika."

Nikaandika. Zote zilizobaki niliziandika SAA MBOVU ikinigonga kifuani, na mwandiko, mashallah, haukutetereka.

Alhamisi asubuhi nikamwona baba anachukua jembe aende shamba.

"Baba, mkutano ni sasa hivi."

"Sasa hivi vipi? Mwenye duka ametusomea, saa nane."

"Ni saa nane ya shule, baba. Yaani saa mbili."

Akanitazama. "Na hayo umeyajua tangu lini?"

"Tangu Jumatatu."

Hakunipiga, na heri angenipiga. Alitupa jembe, akabeba boriti mbili, akashika njia mbio. Wakati wa kubisha hodi kwa majirani haukuwapo tena.

Afisa alikuta mawe meupe, sanduku la maoni, watoto mistari minne, na baba yangu peke yake, anahema, boriti mbili begani. Hayo ndiyo yalikuwa maandamano.

"Wazazi wengine wako wapi?"

Mwalimu Mkuu akacheka kidogo. "Ndio watu wetu hao, bwana. Uhuru umekuja, wao wangali wamelala."

"Hawakulala," baba akasema. "Ile barua..."

"Mzee, tufuate utaratibu. Ukitaka kusema, nyoosha mkono."

Baba alikuwa ameshikilia boriti mbili. Mkono wa kunyoosha angeutoa wapi?

Afisa akanigeukia, maana alikwisha kuambiwa mimi ndiye mwandishi. "Barua walipelekewa wote?"

"Wote, bwana."

"Na uliwaandikia saa sawasawa?"

"Sawasawa, bwana."

Hapo ndipo ningesema. Maneno mawili tu yangetosha, saa nane, na shule nzima ilikuwa inayajua. Lakini kibao kilikuwa kwenye msumari wake ukutani, nyuma ya Mwalimu Mkuu, nami nikawa nakitazama hicho. Nina haya mpaka leo, na sina wa kumtupia. Afisa akaandika kwenye daftari lake, akapanda gari, akaondoka. Baba akaweka boriti chini, akatoka kwa miguu kumfuata Kwale, akarudi usiku bila kitu.

Saa nane ya mchana, jua kali, wakaja. Wote, hakubaki mtu. Wanaume na boriti, wanawake na makuti, wanaimba, vumbi limewapanda mpaka magotini. Mwalimu Mkuu akachungulia dirishani mwa ofisi, akaandika kwenye faili: mahudhurio mazuri, ila wamechelewa. Kisha akafunga dirisha.

Aliyetangulia alikuwa mama yake mwenzangu wa dawati, amejitanda leso mpya, ile ya sikukuu. Akaja moja kwa moja hadi kwangu.

"Mwanangu, tumewahi?"

"Mmewahi, mama."

Akatua makuti yake, akajipangusa jasho, akauliza afisa atakaa upande gani. Nikamwonyesha. Akakaa mbele kabisa, akamwita binti yake aje akae karibu naye, ili afisa akifika amjue ni mtoto gani anayejengewa.