Mtandao Unasumbua

Kuna sentensi moja ambayo kila aliyewahi kusimama mbele ya dirisha la huduma katika nchi hii anaijua: mtandao unasumbua. Utaambiwa benki, utaambiwa ofisi ya ardhi, utaambiwa hospitali. Anayeisema hakutazami usoni, na wewe ukishaambiwa unarudi kukaa. Mimi nimeisikia miaka yote niliyompeleka mama kliniki. Tofauti yangu na wenzangu wa kwenye benchi ni kwamba mara nyingi nilijua mtandao hauna kosa lolote. Aliyekuwa anasumbua ni mimi.

Naandika programu za Java, zile zinazofunguliwa kwenye kivinjari, katika kampuni ndogo iliyopanga ghorofa ya juu ya duka la vifaa vya ujenzi, Nyamagana. Mteja wetu mkubwa ni hospitali moja ya misheni. Mfumo wao wa kusajili wagonjwa, kuandika vipimo na kutoa dawa tuliuandika sisi, nao unaishi kwenye seva za kukodi zilizoko nchi za mbali, huko wanakokuita mawinguni. Bosi aliwaahidi kwamba marekebisho yao wangekuwa wanayapata kila Jumanne asubuhi. Nilimwomba tuyapeleke usiku. Akasema hospitali hailali, na usiku mambo yakiharibika hakuna wa kumpigia simu. Hapo alikuwa na haki, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Kliniki ya sukari nayo ni Jumanne. Mama anaishi Misungwi. Mara moja kwa mwezi anakuja, analala kwangu Buhongwa, na kukicha tunaondoka hajatia kitu mdomoni, kwa sababu wanataka damu ya mtu aliyefunga. Bosi aliniruhusu niwe naye kwa sharti moja: niende na kompyuta.

Ndivyo nilivyokaa kwenye benchi lile la mbao, kompyuta mapajani, intaneti nimeivuta kwenye simu, na mama ubavuni kwangu na kapu lake. Ndani ya kapu kulikuwa na chupa ya chai na matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa juani, ambavyo daktari amemkataza na yeye anaviita dawa. Hakuvigusa mpaka apimwe. Alisalimiana na kila aliyeketi, mwangaluka huku, mwangaluka kule, na baada ya muda benchi zima lilikuwa ndugu. Juu ya mawe nyuma ya jengo pimbi walikuwa wanaota jua. Mimi nilikuwa nainamia kioo.

Kazi yenyewe niliifanya kwa mkono. Nilizima mfumo, nikafuta programu ya zamani, nikasukuma mpya kupitia intaneti ya simu, nikawasha, nikasubiri. Java haiamki haraka. Inaamka kama mzee, inajinyoosha kwanza. Na katika muda huo wote dirishani palikuwa hapasajiliwi mtu, na yule dada wa mapokezi alikuwa ananyanyua sauti: "Jamani, mtandao unasumbua. Mkae kidogo."

Mara ya kwanza mama alinitazama, akatazama dirisha, akanitazama tena.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, mama."

"Haya, maliza."

Akacheka mpaka bega lake likagonga langu. Tangu hapo ikawa siri yetu. Wengine wakinung'unika, yeye alitulia tu na kuanza kunipa habari za nyumbani. Alikuwa na habari moja ya mtamba wetu aliyepotelea mbugani, akatafutwa na kijiji kizima, kisha akarudi mwenyewe. Sikuwahi kuisikia mpaka mwisho. Akifika pale waliposikia kengele ya yule mtamba, mfumo unaamka, dada anaita jina lake, naye anashika kapu na kuondoka. Mwezi unaofuata anaanza tena, na mimi nasikiliza kwa sikio moja, macho yako kwenye kioo.

Sikuona ubaya wa mambo hayo mpaka Jumanne moja intaneti ilipokatika nikiwa nimeshafuta programu ya zamani na mpya imefika nusu. Nilianza upya. Ikakatika tena. Nikasimama, nikauzunguka ua nikitafuta mahali simu itakaposhika, nikapanda mpaka karibu na yale mawe ya pimbi. Huko juu ikashika. Mfumo ulipoamka nilishuka nikiwa nimefurahi kijinga, nikakuta watu wameinama juu ya benchi letu.

Mama alikuwa anatetemeka mikono, shati la kitenge limelowa jasho, na aliponitazama hakunijua mara moja. Sukari ilikuwa imeshuka. Alifunga tangu jana yake, dawa ya jioni alikuwa amekunywa, na mimi nilimweka pale akingoja mfumo ambao niliuzima mwenyewe. Muuguzi akamletea soda, yeye ambaye soda ameambiwa aisahau, akamnywesha taratibu mpaka macho yakarudi. Kitu cha kwanza alichosema ni, "Umemaliza?"

Niliogopa. Sijui namna nyingine ya kulisema. Niliogopa na nikaona hasira, na kwa kuwa hapakuwa na wa kumkasirikia nikaikasirikia kazi.

Kesho yake nilimwambia bosi kwamba sitapeleka tena kitu kwa mkono. Nitatengeneza kile ambacho wenzetu wanakiita paipulaini. Mimi nimezoea kukiita mnyororo. Ni faili la maagizo. Ukishahifadhi programu yako mahali pake, mnyororo unaichukua, unaijenga, unaijaribu, unaifunga na kuipeleka kwenye seva. Uzuri wake ni kwamba hauzimi kitu. Programu mpya inawashwa pembeni ya ile ya zamani, inaulizwa kama ni nzima, na ikijibu kwamba ni nzima ndipo kazi ya wagonjwa inahamishiwa huko. Isipojibu, ya zamani inaendelea na kazi na hakuna aliyejua. Kila pete imeshika pete ya mbele yake, na ikikatika moja, zilizobaki hazisogei.

Ukiambiwa hivyo unadhani ni kazi ya mchana mmoja. Ilininyonya. Faili la maagizo lilikataa kwa sababu niliacha nafasi moja zaidi mwanzoni mwa mstari, na halikuniambia ni mstari gani. Majaribio yaliyokuwa yanafaulu kwenye kompyuta yangu yalifeli huko mbali. Programu iliwashwa, ikamaliza kumbukumbu yote ya seva, ikafa kabla ya kuulizwa hali. Kila nikitazama kioo nilikutana na alama nyekundu. Nilikuwa nakwenda dirishani kupumzisha macho, natazama kipande cha ziwa kinachoonekana kati ya mapaa na makorongo waliosimama juu ya mabati, kisha narudi na nyekundu bado ipo. Mgongo uliniuma. Wanangu nyumbani walijifunza kunipa chakula bila kuniuliza swali. Bosi alikuwa anapita nyuma ya kiti changu na kusema, "Hicho chuma chako hakijaiva tu?" Nilimkumbuka mama asivyonijua pale kwenye benchi, nikaanza upya.

Siku alama zilipotoka kijani kutoka pete ya kwanza hadi ya mwisho, sikushangilia. Niliweka kichwa mezani nikalala hapohapo.

Jumanne ya kliniki ikafika. Nilikaa na mama, kompyuta nimeiacha ndani ya mkoba. Asubuhi ile programu mpya iliingia hospitalini na hakuna aliyeinua kichwa. Nilifuatilia kwenye simu: kijani, kijani, kijani. Moyo ukawa mwepesi. Ndipo dada wa mapokezi akanyanyua sauti, akiwa ameshika kikombe:

"Jamani, mtandao unasumbua. Mkae kidogo."

Nilikwenda mpaka dirishani.

"Dada, mtandao hausumbui."

"Dada yangu, wewe unajuaje? Upo huku ndani?"

"Najua. Bonyeza tu hapo, utaona."

"Watu wa siku hizi mnajua kila kitu," akasema, lakini akabonyeza, na mfumo ukafunguka mbele yake. Akanitazama kwa chuki ya kweli. Nilikuwa nimemwibia chai yake. Mama aliitwa wa kwanza, akapimwa, akala mapema, na mimi nilijiona nimemlipia kitu.

Shukrani ya punda ni mateke. Bosi alipoona mnyororo unakwenda wenyewe, alitafuta wateja wengine, hospitali baada ya hospitali, na minyororo yao yote ikawa ya kwangu kuifuma na kuilinda. Kisha akahamishia kikao cha wiki Jumanne asubuhi. Nilimkumbusha kuhusu mama.

"Kama kazi inajifanya yenyewe," akasema, "wewe hospitali unaenda kufanya nini?"

Swali lilikuwa na mantiki kamili. Nikampata dereva wa bajaji wa mtaani kwetu, mtu mzima na mstaarabu, akawa anampeleka mama na kumrudisha. Nilijiambia kwamba nililokuwa nalitaka nimelipata: mama hakai na njaa. Na kweli hakukaa. Kila Jumanne ya kliniki nilikuwa kikaoni, nikisikiliza mtu akisoma orodha ya malalamiko ya wateja, macho yanauma, na simu ikiwa kimya kwenye meza. Nilikuwa nimechoka kuliko siku zile za kupanda mawe. Kazi niliyoiondoa mikononi ilinirudia kichwani, ikaja na ndugu zake.

Mwezi mmoja mama alinipigia katikati ya kikao. Nilitoka kwenye korido mbio, nikidhani ni yale ya sukari.

"Shikamoo mama. Kuna nini?"

"Marahaba. Hamna kitu. Nimeshamaliza. Nipo hapa kwako, nimeshakula."

"Mbona mapema hivyo!"

"Wanaita haraka siku hizi. Hata aliyekaa na mimi sijamuuliza kwao wapi."

"Si ndiyo vizuri, mama? Hukai na njaa."

"Ni vizuri." Nilisikia kuku wa jirani yangu kupitia simu yake. "Harafu ule mtandao wako, mwanangu. Hauwezi kusumbua hata siku moja tu?"

Nilicheka, kisha nikashindwa kuendelea. Nikageukia ukuta ili wanaopita wasinione. Nilikuwa nimehesabu njaa yake tu. Sikukumbuka kwamba benchi lile ndilo lilikuwa mahali pekee ambapo mimi na yeye tulikuwa tunakaa. Nyumbani nilikuwa nafika amechoka, na asubuhi tulikuwa tunakimbizana na maji ya kuoga. Pale hospitali, mfumo ukiwa umelala, alikuwa na mtoto wake.

Nilirudi kikaoni nikamaliza kilichobaki. Baadaye nikafungua faili la maagizo la hospitali yake. Kati ya kuulizwa hali na kuhamisha kazi ya wagonjwa nikaongeza pete moja: simama hapa, subiri mtu aruhusu. Si jambo la ajabu, wengi wanaliweka. Programu ya zamani inaendelea kufanya kazi na hakuna mgonjwa anayechelewa. Mnyororo unangoja tu mtu abonyeze kitufe. Nikaandika kwamba mtu huyo ni mimi, na kwamba Jumanne ya kliniki, wagonjwa wakiwa wengi, ataruhusu akiwa hospitalini, baada ya kuona dirisha kwa macho yake.

Bosi aliuliza pete hiyo ni ya nini.

"Ya usalama," nikasema. "Mfumo wa wagonjwa hauachiwi mashine peke yake."

Alitafakari, akakubali, akasema wateja wapya nao waambiwe kwamba sisi ndivyo tunavyofanya. Nadhani alijivunia.

Kliniki iliyofuata tulikaa upande uleule wa benchi. Mama aliitwa kabla hajamaliza kusalimia watu. Akatoa damu, akamwona daktari, akachukua dawa, akarudi na kumimina chai kwenye kifuniko cha chupa. Mimi nilikuwa na kompyuta mapajani, mnyororo umesimama kwenye pete yangu, kitufe kinangoja. Mgongo ulikuwa unaniuma vilevile na kazi za wateja wengine zilikuwa zinaingia kwenye simu moja baada ya nyingine.

"Umemaliza?" akauliza.

"Bado. Inasubiri nibonyeze hapa."

"Harafu ukibonyeza?"

"Narudi ofisini, mama."

Alikitazama kile kitufe muda mrefu, yeye ambaye hasomi bila miwani na miwani alikuwa ameiacha Buhongwa. Kisha akalitoa kapu kwenye benchi akaliweka sakafuni, nikapata nafasi ya kuegemea ukuta. Akanipa kipande cha tobolwa.

"Usibonyeze kwanza," akasema. "Ule mtamba sijakumalizia."

Nikafunika kompyuta, nikamwambia aanze mwanzo.